Malipo ya pili yakipungua, mkulima adai hesabu

Aprili 2013, wakulima wa korosho wilayani Liwale, mkoani Lindi, walifanya ghasia na kuchoma nyumba kadhaa, zikiwamo za viongozi wa ushirika. Walikuwa wakisubiri malipo ya pili ya Sh600 kwa kilo, wakaambiwa watapata Sh200.

Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani wa wakati huo, mkulima alikabidhi korosho kwa chama chake cha msingi, akapewa malipo ya awali, kisha akasubiri mnada. Katikati kulikuwa na riba ya benki, ushuru, usafiri, magunia, ghala na gharama za chama. Bei inaposhuka, makato mengi hayapungui. Kinachoumia ni malipo ya pili.

Hapo ndipo ubadhirifu hupata kichaka. Kiongozi mwizi husingizia soko, na kiongozi mwaminifu huitwa mwizi, kwa kuwa mwanachama hana karatasi ya kuwatofautisha.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na COASCO hukagua hesabu za vyama. Lakini mkaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mlinzi wa kwanza ni mwanachama mwenyewe.

Kwenye mkutano mkuu adai mambo manne: kilo zilizopokelewa, bei ya mnada, kila kato na sababu yake, na kiasi kilicholipwa wakulima. Yabandikwe ukutani ofisini. Viongozi wasioweza kuyaonyesha wanyimwe kura.