Wanaosoma safari za watu waje Kemondo

Na Koku Mutalemwa

Wataalamu wa fasihi, historia na falsafa siku hizi wanakutana kimataifa kujadili namna binadamu anavyosafiri na kuhama. Chuo Kikuu cha Konkuk, huko Seoul, Korea Kusini, kina taasisi nzima ya kazi hiyo. Nawaunga mkono. Barabara, meli na ndege tumewaachia wahandisi na wachumi muda mrefu mno, ilhali anayesafiri ni mtu, mwenye hofu zake na anayemtegemea huko aendako. Ombi langu ni kwamba mkutano wa namna hiyo uitishwe Bukoba.

Sababu tunayo. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia bandari ya Kemondo, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na pale Igoma, Mwanza, wamelala watu ambao hawakutambuliwa. Ubovu wa meli na wingi wa mizigo vilishazungumzwa sana. Lakini nani alikuwa kule daraja la tatu? Alikuwa anapeleka nini Mwanza, na nani alimngoja gatini asimwone? Asipouliza mwanahistoria, hakuna atakayeuliza.

Halafu kuna mabibi zetu waliokwenda Nairobi na Kampala enzi za mkoloni, hasa bei ya kahawa ilipoanguka. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi, na kitabu chake cha mwaka 1990 kinaeleza kwamba wanawake wa Kihaya waliouza miili yao kule walikuwa wakituma fedha nyumbani kuokoa familia na mashamba yao. Sisi tumewafuta. Zipo familia zinazokula matoke ya kibanja kilichokombolewa na shangazi ambaye jina lake halitajwi mbele ya watoto. Hiyo ni dhuluma, na nasema hivyo nikiwa mjukuu wa Kihaya. Imewezekanaje habari ya shangazi isomwe kitabuni huko Marekani, na huku Kamachumu iwe mwiko?

Wilaya ya Muleba nayo ina visiwa: Bumbire, Goziba, Ikuza na vingine vingi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, zamani kwa karabai na sasa kwa taa za sola. Mbalamwezi ikija, nyavu zinaanikwa, na wengi wanafunga godoro, wanatupia nguo kwenye mfuko wa shangazi kaja na kuvuka kwenda kuona watoto. Giza likirudi nao wanarudi, au wanahamia kisiwa kingine walikosikia dagaa wapo. Mtu wa aina hii serikali ya kijiji inamwita mgeni hata akiwa na miaka mingi kambini. Anatulisha, lakini sijui ni mwanafunzi gani wa fasihi amewahi kukaa naye gatini akamsikiliza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga tawi hapa Kagera. Tawi hilo liwe mwenyeji, mkutano uendeshwe kwa Kiswahili na Kihaya chenye mkalimani, na siku ya kwanza wasemaji wawe manusura wa MV Bukoba, si maprofesa. Profesa ana miaka mingi ya kuzungumza. Aliyeogelea mwaka 1996 akiwa na miaka 40 leo ni mzee.

Nawe msomaji usingoje chuo. Kama nyumbani kwenu yupo aliyenusurika ziwani, au bibi aliyewahi kuishi Pumwani, Nairobi, kaa naye wiki hii, washa simu umrekodi, na uandike jina lake kamili.