Wanahisa wanajua mbele yetu

Vijana wenzetu, tuanze na ulizo moja. Siku sosiete inamaliza kutafuta petroli chini ya ziwa letu, nani njo mtu wa kwanza kusoma matokeo? Mvuvi wa Vitshumbi? Hapana. Mbunge wa Rutshuru? Hapana. Mwalimu wa Kyavinyonge mwenye kufundisha watoto mita mia kutoka kwenye maji? Yeye atasikia kisha miaka, kama atasikia. Mtu wa kwanza ni yule aliyenunua hisa za sosiete ile, ameketi mbali sana na hapa, hajawahi kula hata tilapia moja ya Ziwa Edward.

Tunaandika hii juu vijana wengi wanatuuliza: hii mambo ya petroli na gazi iliishia wapi? Tunasikia bloku, tunasikia mnada, tunasikia kufuta, kisha kimya. Na sisi tuliuliza. Tulichokuta ni kwamba mabishano makubwa juu ya petroli ya Kongo yanafanyika, tena kwa nguvu, lakini si hapa.

Kule London kuko sheria moja ambayo tunaionea wivu. Sosiete ambayo hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa, ikipata habari inayoweza kupandisha ao kushusha bei ya hisa, lazima itangaze haraka, kwa wote, kwa saa moja. Kisima kikitoka kikavu, haiwezi kukaa nayo kimya mpaka mwisho wa mwaka. Na tangazo likitoka, mabishano yanaanza siku ile ile. Mmoja anasema: kisima kimoja kikavu hakimalizi bonde nzima, tungoje cha pili. Mwingine: wamekula pesa zetu, mkurugenzi aondoke. Wa tatu anachambua neno kwa neno: wameandika kwamba kuko dalili za mafuta, je, ni mafuta ya kuuzika ao ni maneno ya kututuliza?

Yule wa tatu yuko na akili, na ulizo lake na sisi tulijifunze. Kuona petroli ndani ya jiwe si kuwa na petroli. Lazima jiwe liwe na vitundu vya kutosha, vitundu viungane ili mafuta yatembee, na juu yake liwe jiwe lingine la kufunika vizuri, kama kifuniko cha sufuria. Kimoja kikikosa, kisima kinafungwa kwa simenti na mashine zinarudi. Kwa hiyo mkubwa akija kwenye redio kusema «tuko na mapipa mabilioni chini ya udongo», muulize: yamepimwa na kisima ngapi? Ao ni hesabu ya kwenye karatasi? Mwanahisa anauliza hivi kila siku na hakuna anayemuita adui wa maendeleo.

Hatuwacheki wanahisa. Ni pesa yao, wana haki ya kubishana. Lakini angalia mabishano yao vizuri: bei, kisima, mkurugenzi, bei tena. Kijiji hakimo. Samaki hawamo. Isipokuwa siku samaki wanaleta kelele inayogusa bei.

Siku hiyo ilifika. Munakumbuka SOCO? Wengi wenu mulikuwa bado watoto. Ilikuwa sosiete ya Uingereza, kwenye soko la hisa la London, yenye petroli yake kubwa ndani ya bahari ya Vietnam. Kwetu ilishachimba visima kwenye bloku ya Nganzi, Kongo Central, mwaka 2010 na 2011, na haikupata petroli ya kuuza. Ilikuwa pia na bloku V, ambayo inaingia ndani ya Parke ya Virunga na Ziwa Edward. Parke hiyo iliumbwa mwaka 1925, UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Mwaka 2014 mashua za SOCO zikapita juu ya ziwa kufanya vipimo vya mtetemo: unatuma sauti kali chini ya maji, unasikiliza ginsi inarudi, unachora mawe yaliyo chini. Kelele ikawa kubwa. Filamu ikatoka. Tarehe 15 mwezi wa ine mwaka ule, mkurugenzi wa parke, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani akirudi kutoka Goma. Aliponyoka. Mwezi wa sita, SOCO ikakubaliana na WWF kwamba haitachimba ndani ya Virunga, isipokuwa kama UNESCO na serikali ya Kongo watakubali kwamba kazi hiyo haiharibu urithi.

Ona sasa nani alibishana kisha. Ni wanahisa. Kulikuwa madai ya malipo kwa afisa mmoja wa jeshi, sosiete ikakana kwamba ilitenda kosa, na wanahisa wakauliza maulizo kwenye mkutano wao wa mwaka. Mwezi wa saba 2015 Kanisa la Anglikana la Uingereza likauza hisa zake zote za SOCO, karibu pauni milioni 1,6, likisema halikuridhika na majibu. Wakati huo bei ya petroli ilishaanguka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 mpaka chini ya 50 mwanzoni mwa 2015. SOCO ikaondoka. Leo haina tena jina lile.

Tulifurahi, tuseme ukweli. Kuko wavuvi, walinzi wa parke na wanaharakati wa hapa waliotishwa na kupigwa juu ya jambo hili, na kuona mashua zinaondoka ilikuwa ushindi wao kwanza. Lakini mara nyingi tunajiuliza: na kama bei ya petroli ingebaki dola 110? Na kama kanisa lile lingekuwa halina hisa? Tuliokolewa nusu na mapambano yetu, nusu na dhamiri ya watu wa mbali pamoja na bei ya soko. Dhamiri inaweza kulala na bei inaweza kupanda. Hiyo haiwezi kuwa ulinzi wa nchi.

Tena si kila sosiete iko na wanahisa wa kuiuliza. Enda Muanda, pale mto Kongo unaingia baharini. Njo pekee nchi yetu inatoa petroli, ndani ya bahari na juu ya udongo, tangu miaka ya 1970. Perenco inafanya kazi kule tangu mwaka 2000. Perenco haiko kwenye soko la hisa, ni mali ya familia moja. Hakuna tangazo la saa moja kwa wote, hakuna mkutano ambapo mgeni anaweza kusimama na kuuliza. Mashirika mawili ya Ufaransa, Sherpa na Amis de la Terre, walipambana miaka mbele ya mahakama za kwao ili tu wapate karatasi za kuonyesha nani anaamua nini juu ya kazi ya Muanda, kisha mwaka 2022 wakaanzisha kesi yenyewe kule Paris juu ya uharibifu wa mazingira. Fikiri kidogo: Mkongomani wa Muanda anangojea Mfaransa apewe karatasi na jaji wa Paris ili ajue nini kinapita nyuma ya nyumba yake! Petroli ile inapakiwa na kwenda inje. Na hapa kwetu motari anasimama kwa kadafi, ananunua esanse ndani ya chupa, imetoka inje pia, na bei anapangiwa.

Wamoja watasema: lakini mnada ulifutwa, shida imeisha. Haijaisha. Tarehe 28 mwezi wa saba 2022, Raisi Tshisekedi alifungua Kinshasa mnada wa bloku 27 za petroli na 3 za gazi. Kati ya zile za petroli, kuko zilizogusa Virunga na zilizogusa misitu ya maji ya Cuvette centrale, yenye udongo uliobeba karboni ya maelfu ya miaka. Mwezi wa kumi 2024, waziri wa hidrokarboni, Aimé Sakombi, akafuta mnada wa zile 27. Sababu? Usitafute neno «wananchi» ndani yake. Ilikuwa ofa zilizochelewa, ofa zisizokubalika, ukosefu wa mashindano. Yaani wateja hawakutosha. Tena ni soko lililoamua. Na mwaka uliofuata serikali ikarudi na orodha mpya, bloku 52 zingine.

Zile 3 za gazi hazikuwa ndani ya ufutaji ule. Ni za Ziwa Kivu, na hapa tunaomba musome polepole. Mwezi wa kwanza 2023 serikali ilitangaza washindi: Makelele kwa Symbion Power, Idjwi kwa Winds Exploration and Production, Lwandjofu kwa Alfajiri Energy. Wangapi kati yenu mumesoma mkataba wa bloku moja kati ya hizo? Sisi tulienda kuomba kopi kwenye ofisi moja ya serikali. Tuliambiwa turudi juma ijayo. Tulirudi. Mtu aliyetupokea mara ya kwanza alikuwa kwenye misheni. Mara ya tatu tuliulizwa ni nani anatutuma.

Chini ya Ziwa Kivu kumelala karibu mita za ujazo bilioni 60 za metani na bilioni 300 za gazi karbonike, zimeshikwa na uzito wa maji ya juu. Kutoa metani kunawezekana, ng'ambo Rwanda wanatoa umeme kwa njia hiyo tangu karibu miaka kumi. Unavuta maji ya chini, unatenganisha gazi, unarudisha maji. Lakini unayarudisha kwenye kina gani? Hapo njo kazi yote. Ukirudisha vibaya, unaweza kuchezea matabaka yanayoshika gazi kule chini. Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986, lilitoa gazi yake usiku mmoja na kuua watu karibu 1.700. Na Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos.

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano kisha, asubuhi mapema, gouverneur akatangaza kwamba magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, watu waondoke. Tuliondoka. Mama wenye godoro kichwani, wazee kwenye chukudu, barabara ya Sake imejaa, wengine mipaka ya Gisenyi, wengine mashua ya Bukavu. Mamia ya maelfu ya watu. Kila mtu aliuliza kitu kimoja: ziwa linasema nini? Nani anapima? Na tukajua kwamba OVG, kituo kinachochunga volkano yetu, ilikuwa imepitisha miezi bila pesa ya kulipa intaneti. Siku ile tulielewa kwamba kipimo cha ziwa si habari ya bei ya hisa. Ni habari ya kama unalala nyumbani ao unakimbia.

Kwa hiyo sosiete ikipima Ziwa Kivu, ikipata kitu ao ikikosa, ikiona matabaka yamesogea ao yametulia, hatuwezi kukubali habari hiyo iende kwa mwenye pesa kwanza na kwetu kisha, ama isifike kabisa.

Kuko ndugu watatuambia: vita iko hapa, watu wanakufa, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa M23 tangu mwanzo wa 2025, na nyinyi munaongelea karatasi za gazi? Tunaelewa hasira hiyo, tuko nayo ndani ya nyumba zetu. Lakini mikataba haingojei amani. SOCO ilipima ziwa mwaka 2014, miezi michache tu kisha vita ya kwanza ya M23. Wakati macho yetu yako kwenye risasi, kalamu inatembea.

Na hatuombi zawadi. Dekreti nambari 011/26 ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inasema kila mkataba wa mali asili lazima utangazwe ndani ya siku 60. Katiba, artikle 58, inasema Wakongomani wote wako na haki ya kufaidika na mali ya taifa. Tunaomba serikali iweke mikataba ya bloku tatu za Kivu mahali kila mtu anaweza kuisoma, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Tunaomba kwamba matokeo ya kila kipimo na kila kisima, kikavu ao kimejaa, yatangazwe hapa siku ile ile wanahisa wanatangaziwa, na kwamba yale yanayogusa usalama wa ziwa yafike OVG mbele ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Kama sosiete haiko kwenye soko la hisa, basi serikali iilazimishe kwa mkataba. Inawezekana: wanaweza kutangaza kwa saa moja kule, kwa nini hapa inaomba miaka?

Juma hii, kila mmoja aandikie mbunge wake, wa kitaifa ao wa mkoa, popote alipo, ulizo moja tu: mkataba wa bloku ya Makelele, Idjwi na Lwandjofu uko wapi, na vipimo vimeonyesha nini? Kwa meseji, kwa barua, kwa sauti. Musitaje mtaa munakaa, munajua sababu. Ukipata jibu, tutumie picha yake. Ukikosa, tutumie tarehe uliyouliza na jina la mbunge, tutayaweka hapa moja kwa moja.