Panya wa Bonn si bibi zetu

Na Rehema Mwasambili

Ujumbe unaozunguka kwenye simu unasema mafuta ya bangi yanakinga ugonjwa wa Alzheimer. Wanaoutuma si matapeli. Wengi wao wanamuuguza mzazi asiyewatambua tena, na wamechoka. Kwa ajili yao, tuutazame ushahidi wenyewe.

Mwaka 2017, Andreas Zimmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa panya wazee kipimo kidogo cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, kwa siku 28. Wazee wale wakajifunza na kukumbuka karibu sawa na panya vijana. Hapo ndipo habari iliposhika kasi. Lakini panya vijana waliopewa kipimo kilekile waliharibikiwa kumbukumbu, na hilo halimo kwenye ujumbe. Tena wale wazee hawakuwa na Alzheimer. Walikuwa na uzee tu!

Kabla ya hapo, mwaka 2006, maabara ya Kim Janda katika taasisi ya Scripps, California, ilionyesha kuwa THC huzuia kimeng'enya kinachochochea protini ya amiloidi, inayohusishwa na Alzheimer, kugandamana. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila ilifanyika maabara, si mwilini mwa mgonjwa.

Kwa binadamu, waganga wamejaribu zaidi kutuliza fadhaa za wagonjwa. Uholanzi, 2015, wagonjwa 50 wa shida ya akili (dementia), kundi la maradhi ambamo Alzheimer imo, waligawanywa, wengine wakapewa THC, wengine vidonge visivyo na dawa. Hapakuonekana tofauti. Huko Toronto, 2019, nabiloni, dawa ya jamii hiyo, ilipunguza fadhaa kweli, lakini usingizi ukawazidi wengi. Mwenye kuuguza mzee anajua maana yake: anayesinzia ndiye anayeanguka usiku akienda msalani, na nyonga ikivunjika huenda asisimame tena. Kumtuliza mgonjwa na kumkinga na ugonjwa ni mambo mawili, na hilo la pili hakuna jaribio la binadamu lililolithibitisha.

Nataka utafiti huu uendelee, na sheria zisiwazuie wanasayansi. Ninachokataa ni chupa isiyo na kipimo, inayouzwa kwa mtu aliyekata tamaa, ikanyweshwa mzee anayemeza tayari dawa nyingine tatu. Fedha hiyo impeleke akapimwe shinikizo la damu, sukari na usikivu wa masikio. Yote matatu yamo katika mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet, 2024, lilisema yakidhibitiwa mapema yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya shida ya akili duniani.