Kujaribu kujitoa uhai si kosa tena Kenya. Je, mgonjwa apelekwe kwa nani?

Mama mmoja alitupigia simu studioni asubuhi tulipokuwa tukizungumzia afya ya akili. Hakutaka jina lake litajwe hewani. Mwanawe alikuwa amejaribu kujitoa uhai, akaokolewa na majirani. Kilichomnyima mama usingizi hakikuwa gharama ya matibabu. Aliuliza: "Nikimpeleka hospitali, polisi hawatamchukua?"

Siku hiyo ilinibidi nimwambie ukweli, kwamba sheria ilikuwa inawaruhusu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na kosa hilo lingeweza kumpeleka jela hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Mwingereza aliyetuletea sheria hiyo aliifuta kwao mwaka 1961, miaka miwili kabla sisi hatujapata uhuru. Sisi tukaendelea nayo kwa zaidi ya miaka 60.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa maneno mepesi, alisema kumshtaki mtu kwa jambo linalotokana na afya ya akili ni kumbagua kwa sababu ya afya yake, ni kumvunjia heshima, na ni kumfanya aogope kutafuta matibabu. Tusichanganye mambo hapa: kumshawishi au kumsaidia mtu mwingine ajiue bado ni kosa kubwa.

Waliokwenda mahakamani walikuwa watatu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, mwananchi mmoja anayetetea haki za wagonjwa wa akili, na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili Kenya, kinachojulikana kwa kifupi KPA. Hao wa tatu ndio walionifanya niandike makala haya. Tumezoea kusikia madaktari wakitajwa mahakamani kwa habari ya mishahara na mgomo. Safari hii walikwenda kwa ajili ya mgonjwa.

Sababu yao inaeleweka hata kwa asiyesoma udaktari. Familia ikiogopa polisi, inaficha. Inafika hospitali na kusema ilikuwa ajali. Daktari anatibu jeraha, na ugonjwa wenyewe unarudi nyumbani bila kuguswa. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, ambaye naye ni daktari wa fani hiyo, lilikabidhi ripoti yake mwaka 2020 na kutaka hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Basi kesi imeshinda. Sasa tuulize swali la mama yule kwa upande wa pili: akifika hospitali, atamkuta nani?

Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni mia moja na ushee hivi, na sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Hospitali ya kitaifa ya fani hiyo ni Mathari, pale Nairobi, ambayo ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kwa mtu wa kijijini, Mathari ni nauli ya basi kwenda na kurudi, mahali pa kulala anayemsindikiza mgonjwa, na shamba lililoachwa bila mtu. Mara nyingi safari hiyo hufanywa mara moja tu, dawa zikiisha hakuna wa kurudi.

Kuongeza mabingwa ni lazima, lakini fanya hesabu nami. Kijana anayemaliza kidato cha nne leo, akichaguliwa kusomea udaktari, atakaa chuoni miaka sita. Mwaka mmoja ataufanya kazi chini ya uangalizi hospitalini. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya akili, atarudi darasani angalau miaka mitatu. Ni angalau miaka 10, na mwisho wake si lazima akubali kazi katika kaunti yako. Hata akikubali, kaunti lazima iwe na nafasi ya kumwajiri, kwa sababu tangu ugatuzi wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Chama cha madaktari hakiajiri mtu na hakina hospitali.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya KPA kuanzia sasa iko kwa watu ambao si wanachama wake: muuguzi wa zahanati na afisa wa kliniki wa kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo uitwao mhGAP, uliotengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa aina hii. Unamwelekeza asiye bingwa jinsi ya kutambua na kuanza kutibu sonona, kifafa, ugonjwa wa kuchanganyikiwa akili na ulevi, na jinsi ya kuzungumza na mtu anayewaza kujidhuru. Chuo cha KMTC nacho kinawafundisha maafisa wa kliniki na wauguzi wanaotaka kujikita katika afya ya akili. Bingwa mmoja akiwasimamia wahudumu kama hao, awe anapokea simu zao na kuwatembelea, anafikia watu wengi kuliko akikaa peke yake kwenye kliniki ya mjini.

Wapo madaktari wanaohofia kwamba kuwapa wengine kazi hii ni kuishusha. Hofu hiyo si ya bure, maana mafunzo ya siku chache yasiyofuatiliwa husahaulika. Na muuguzi aliyefunzwa vizuri, kama kabati la dawa ni tupu, atamrudisha mgonjwa nyumbani vilevile. Sindano ambayo mgonjwa huchomwa kila mwezi ikikosekana miezi miwili, ugonjwa unarudi, na jirani wanasema dawa za hospitali hazifanyi kazi.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazitaka kaunti zipeleke huduma hizi karibu na wananchi. Kwa hiyo bajeti ya kaunti ikifika kwenye kikao cha wananchi katika wadi yako, una haki ya kuuliza mambo mawili: ni wahudumu wangapi wa zahanati zetu waliofunzwa afya ya akili, na pesa za dawa hizo ziko kwenye mstari gani.

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ana mawazo ya kujidhuru, usimwache peke yake. Mwulize waziwazi anavyojisikia, kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu na umweleze mhudumu ukweli wote. Unaweza pia kupiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo.