Kazi ya Mgonjwa Iulizwe

Tiba ya magonjwa ya ndani, yaani fani ya udaktari inayoshughulikia maradhi ya moyo, mapafu, figo na ini kwa watu wazima pasipo upasuaji, inastahili kuwavuta wanafunzi wengi zaidi wa udaktari mjini Bujumbura, hasa wale wanaodhani kwamba heshima ya daktari imo katika kisu peke yake. Hoja ya kuwashawishi haiko mbali, kwani Zone Industrielle, lile eneo la viwanda la mji huo, limejaa watu wanaovuta vumbi, moshi na mvuke kwa zamu.

Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo akawataka matabibu waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kwa Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Faida ya swali hilo huonekana kwa mchambuaji pamba. Vumbi la pamba huleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosi, ambao mwanzoni humbana mtu kifua siku ya kwanza ya juma, atokapo mapumzikoni, kisha humwachia. Basi daktari atakayempima siku ya Alhamisi bila kumhoji atamwona mzima, na picha ya eksirei haitamsaidia kitu, kwa kuwa ugonjwa huo hauna alama yake maalumu kwenye picha, naye mgonjwa atarudi kwenye vumbi lile lile hadi pumzi zake zipungue moja kwa moja.

Ni kweli kwamba njia ya ubingwa ni ndefu. Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Tanzania, kwa mfano, huongeza miaka 3 baada ya shahada ya kwanza, na anayetaka kushukuriwa siku ile ile afadhali aende upasuaji. Lakini mazoezi ya fani hii hayangoji ubingwa. Mwanafunzi aliye wodini katika hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, hapo Bujumbura, ambaye amesomeshwa kwa Kifaransa, ajifunze kuhoji kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, wala asiridhike kuandika neno "mfanyakazi" kwenye faili, bali aandike mgonjwa anashika nini, kwa saa ngapi, anafunika pua au hafuniki, na kifua humbana siku gani.