Fundi, Hilo la Diski Si Kweli

Peleka kompyuta kwa fundi pale Ifakara ipigwe Windows, utarudi nayo ikiwa na C na D, pamoja na mawaidha ya kukutia hofu usiiguse tena. Mawaidha hayo yanatolewa kwa kujiamini kutoka Kidatu hadi Mlimba, na mengi yana kasoro. Nayajibu yale yanayorudiwa sana.

"Nimefuta patisheni zote, hapo hata polisi hawapati kitu." Hili ndilo linaloudhi kuliko yote, kwa sababu watu huuza mashine kwa kuliamini. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa MBR huanza na sekta moja ya baiti 512, na ndani yake jedwali la patisheni linachukua baiti 64 tu: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mstari unaeleza patisheni ni ya aina gani, inaanzia wapi na ina urefu gani, basi. Amri ya clean kwenye diskpart, zana ya Windows ya kugawa diski, inafuta taarifa hizo za mipaka. Kuchana ukurasa wa daftari la mashamba kwa mtendaji wa kijiji hakung'oi mpunga ulioko bondeni. Picha, barua na orodha za wagonjwa zimebaki palepale, na mtu mwenye TestDisk, programu ya bure, mara nyingi huirudisha mipaka ya zamani na kila kitu kikaonekana tena.

Kwa mji huu jambo hilo lina uzito wake. Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara hapa mwaka 1957, ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu 1996 kaya za bondeni zimekuwa zikifuatiliwa kwa kumbukumbu za kuzaliwa, kufa na kuhama. Taasisi kubwa ina watu wa kulinda data. Mimi nawawazia wenye zahanati ndogo, shule na vikoba, wanaouza kompyuta kuukuu kwa yeyote aliye na hela mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na wao. Kwa diski ya kuzunguka, amri inayofaa ni clean all, ambayo huandika sifuri kwenye kila sekta. Diski ya GB 500 itakula zaidi ya saa moja, na fundi mwenye foleni hapendi kusubiri. Kwa SSD hata hiyo haitoshi, kwa kuwa SSD huwa na akiba ya seli ambazo Windows haizifikii. Huko tumia programu ya kufutia ya mtengenezaji wa diski, au, bora zaidi, isimbe diski tangu siku ya kwanza.

"Data weka D, hata diski ikifa ziko salama." C na D ni diski moja. Ikianza kugonga kama saa mbovu, zote zinaondoka pamoja. Faida ya D ni kwamba unaweza kupiga Windows upya kwenye C bila kugusa mafaili yako, na hiyo ni faida ya kweli, ilimradi fundi asianze kazi kwa clean. Nakala ya akiba inakaa kwenye diski nyingine, na kwa anayekaa karibu na mto Lumemo, ikae kwenye nyumba nyingine iliyo juu.

"Amri ni hatari, tumia Disk Management ya kubofya." Hapa wana nusu ya ukweli. Diskpart haikuulizi "una uhakika?", ukibonyeza Enter, imekwisha. Lakini inakataa kufanya clean kwenye diski ambayo Windows inaitumia wakati huo. Kinga hiyo huondoka ukiwasha kompyuta kwa flashi ya kupigia Windows na kufungua dirisha la amri kwa Shift+F10, na ndipo maafa mengi yanapotokea: fundi anaamini flashi ni Disk 1 kwa sababu jana ilikuwa Disk 1. Andika list disk, chomoa flashi, andika tena, uone iliyotoweka ni ipi. Kisha detail disk ikupe jina la modeli. Zana zenyewe pia hazifanani. Kwenye Linux, fdisk haiandiki chochote kwenye diski mpaka ubonyeze w, wakati parted huandika papo hapo.

"Umeme ukikatika katikati, diski imekufa." Tumepakana na mitambo ya umeme ya Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye 180, na bado umeme hukatika, kwa hiyo swali ni la haki. Kuandika jedwali ni kazi ya kufumba na kufumbua, na mtindo wa GPT huweka nakala ya pili mwishoni mwa diski. Hatari iko kwenye kuisogeza patisheni yenye mafaili, maana data yote inanakiliwa kipande kwa kipande, na kukatika hapo ni kupoteza mafaili, ingawa diski yenyewe inabaki nzima. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usiisogezee chochote.

Kwamba diski haivuki patisheni nne, ni MBR hiyo, na hata yenyewe huruhusu moja kati ya nne ibebe nyingine ndani. Kwa GPT, Windows inakubali hadi 128.

Zimebaki flashi. Ya GB 16 kuonyesha 14.9 si wizi: kiwanda kinahesabu baiti bilioni 16, Windows inagawa kwa 1,073,741,824. Iliyobaki MB 200 baada ya kufanywa ya kuwashia kompyuta haijafa; clean, create partition primary, format fs=exfat quick, imerudi. Ila ile ya TB 2 iliyouzwa bei ya sahani ya wali samaki, fundi anayeahidi kuiponya kwa kuifomati anakudanganya. Chipu yake imefundishwa kutaja ukubwa isio nao, na patisheni haizalishi nafasi. Kwenye Linux, f3probe itakuambia ukubwa halisi kwa muda mfupi, basi ipime siku hiyohiyo ya gulio, kabla muuzaji hajapanda basi.