Kamusi Elezo ya Wote: Wenyewe Wako Wapi?

Kila itajwapo Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha, husikika lawama ile ile: kazi isiyo na mwenyewe haiaminiki. Nami nilikuwa miongoni mwa walalamikaji hao. Siku hizi nathubutu kusema kwamba tunamlaumu asiyestahili.

Hebu tuutazame mkasa wa Kiskoti, lugha ya Skotlandi iliyo ndugu wa Kiingereza. Mwezi wa Agosti 2020 ilifichuka kwamba makala zaidi ya 20,000 katika Wikipedia ya lugha hiyo ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani, aliyeanza akiwa na umri wa miaka 12. Kiskoti chenyewe hakukijua! Aliandika Kiingereza, kisha akabadili neno hapa na neno pale kwa msaada wa kamusi. Nia yake haikuwa mbaya. Alidhani anaisaidia lugha. Lakini mgeni aliyezisoma kurasa zile angedhani kwamba Kiskoti ni Kiingereza kilichoharibiwa tahajia tu, na hilo ni tusi kubwa kwa lugha yoyote.

Wenyewe walikuwa wapi miaka yote hiyo? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, Waskoti zaidi ya milioni 1.5 walisema wanaweza kuizungumza lugha hiyo. Mlango uliomwingiza kijana yule ulikuwa wazi kwao pia.

Upande wa Kiingereza mambo ni tofauti. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazikague. Walikuta makosa yapatayo manne kwa kila makala ya Wikipedia, na matatu kwa Britannica. Wenye Britannica waliupinga uchunguzi huo vikali, na walikuwa na haki yao. Hata hivyo, tofauti haikuwa kubwa kama tulivyotazamia.

Sasa tuje kwetu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wanaoitunza kwa bidii ni wachache mno wakilinganishwa na mamilioni ya wasemaji. Fundi wa majahazi wa Lamu, ajuaye mkuku na foromali kuliko profesa yeyote, hajaandika humo hata mstari. Nami sina la kujitetea. Nimepata kukuta ukurasa ambao ngeli zake zimevurugika kabisa. Nikacheka, nikaufunga, nikaenda zangu.